"Amepimwa damu": Sawa, ila kipimo gani?

Tuseme mdogo wako ana miaka minne. Mama yuko kazini, kwa hivyo wewe ndiye unayembeba hadi zahanati hapa Utange. Anatobolewa kidole, mnapewa dawa za malaria, homa inatulia. Wiki ijayo imerudi. Safari hii malaria haionekani, lakini mtoto bado amelegea. Nyumbani mmoja anasema ni minyoo, mwingine kijicho. Ukiuliza zaidi unajibiwa: "Si amepimwa damu?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Kile kipimo cha kidole kinatafuta malaria peke yake. Hakihesabu chembe za damu. Mtoto anaweza kuwa na lukemia, yaani saratani ya damu, na kipimo hicho kisiseme lolote.

Lukemia ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani, na aina yake ya kawaida huwapata sana wa miaka 2 hadi 5. Huanzia kwenye uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Seli changa hujaa humo hadi chembe za kawaida zikakosa nafasi. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto hupauka na kuacha kucheza. Zile za kugandisha zikipungua, hutoka damu puani au kwenye ufizi, au huvilia damu bila kuanguka. Za kinga zikishindwa kazi, homa haziishi. Ongeza maumivu ya mifupa, kuchechemea, tezi za shingo na tumbo kuvimba. Kwa ngozi zetu nyeusi, angalia viganja, nyayo na ndani ya kope.

Ukiona hayo, omba hesabu kamili ya damu, ile hemogramu. Na ukipewa karatasi, usiikunje tu mfukoni. Tafuta mistari mitatu. HGB ni wingi wa damu: kwa mtoto wa miaka minne, chini ya 11 ni upungufu. PLT ni chembe za kugandisha: kawaida ni elfu 150 hadi 450. WBC ni za kinga, na hii ndiyo hudanganya watu. Kwenye lukemia inaweza kupanda sana, kushuka, au kuonekana iko sawa kabisa. Kwa hivyo WBC nzuri isikutulize kama zile mbili ziko chini.

Tusitishane. Malaria yenyewe hushusha HGB na PLT, na siko seli, ambayo hapa Pwani tunaijua, huumiza mifupa vilevile. Karatasi haitoi hukumu. Lakini malaria ikishatibiwa na hesabu zikabaki chini, uliza kwa heshima: "Daktari, damu hii inaweza kutazamwa kwa darubini?" Zikionekana seli changa, ni rufaa ya haraka, kuvuka daraja la Nyali hadi hospitali kubwa kama Coast General. Jibu la mwisho hutoka kwenye uboho. Na usikimbilie kemisti kununua prednisolone. Huweza kuzificha seli hizo kwa muda na kuchelewesha jibu.

Kuna haja gani ya kuharakisha? Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, huku nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zikiponya chini ya asilimia 30. Kugundua kwa kuchelewa ni sababu mojawapo. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la asilimia 60 ifikapo 2030.

Kaunti nayo ina deni: homa inayorudi rudi isimalizwe kwa kutoboa kidole tu, na mzazi wa Utange asizungushwe kwa kipimo cha kawaida kama hiki. Sisi vijana tuna letu. Simu tunazo, kusoma tunajua, na mara nyingi sisi ndio tunaowapeleka wadogo zetu hospitali. Mtu akisema "amepimwa damu", muulize: kipimo gani?