Daraja la London na Sifa za Bure za Mawe ya Kale

Daraja la kale la London, lililovuka mto Thames kwa zaidi ya miaka 600, hutolewa kama ushahidi kwamba wahenga walijenga vya kudumu na mafundi wa leo wanalipua kazi. Ushahidi huo haufai kitu.

Ujenzi wake wa mawe ulianza 1176 chini ya kasisi Peter wa Colechurch, ukakamilika 1209. Katika baridi kali ya 1281 na 1282, barafu iliangusha matao matano. Mwaka 1437 liliporomoka lango la kusini pamoja na matao mawili. Nguzo zake 19 zilizungushiwa kuta za magogo na vifusi ili maji yasizile, hata mto ukabaki na vijia vyembamba. Maji yalipokupwa, tofauti ya kimo cha mto juu na chini ya daraja iliweza kufikia karibu mita 2, na mabaharia wengi waliothubutu kupita walizama. Kuita hiyo kazi bora ni kuwasahau waliokufa maji. Mwaka 1759 matao mawili ya katikati yalivunjwa, likajengwa moja pana.

Daraja lililofuata, la matale, lilibuniwa na John Rennie na kufunguliwa 1831. Nalo lilididimia karibu sentimita 2.5 kila miaka minane. Kufikia 1924 upande wa mashariki ulikuwa umeshuka kuliko wa magharibi. Mwaka 1968 liliuzwa kwa Mmarekani Robert McCulloch kwa dola 2,460,000, likahamishiwa Lake Havasu City, Arizona. Huko mawe yake yamebandikwa juu ya kiunzi cha zege lenye nondo, kwa hiyo watalii wanaolisifia kwa uimara wa mawe wanasifia zege bila kujua.

Daraja la sasa, lililofunguliwa 1973, ni la zege lililokazwa kwa nyaya za chuma. Halina urembo, na wanaolidharau kwa hilo wana haki yao. Lakini linasimama kwa nguzo mbili tu mtoni, na vyombo hupita bila hofu. Fedha zake zilitoka Bridge House Estates, wakfu wa enzi za kati uliokuzwa kwa sadaka, ushuru na kodi za nyumba, ule ule uliogharimia matengenezo yasiyokwisha ya daraja la Peter.