Mtu Anaumwa, Mnamwambia Asubiri

Leo hatuzungumzii singo wala mitindo ya shela. Kuna jambo limetukaa kooni tangu harusi za Mfunguo Tatu, na tusipolisema hapa sijui tutalisema wapi.

Sisi, kama mnavyojua, ni washonaji. Alikuja mama mmoja na binti yake, bibi harusi, kujaribu nguo kwa mara ya mwisho. Tulipomvisha mama lile dera lake la kupokelea wageni tukaona mkono hauinuki. Titi la kushoto lilikuwa limeshakatwa na saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Amekaa kwenye kiti anauma ncha ya kanga, ukimuuliza anasema hajambo. Binti ndiye aliyetuambia, machozi yanamlenga, kuwa hospitali walimpa chupa ya dawa ya maumivu lakini mashangazi wameifungia kabatini. Mmoja kasema hiyo ni dawa ya kufia. Mwengine kasema ni kileo. Na wote wawili humwambia, vumilia wifi, hayo maumivu ni kafara yako.

Sisi tunasema hiyo ni dhuluma, na anayeifanya ni mwanamke kwa mwanamke mwenziwe.

Tuanze na hilo la dawa ya kufia. Dawa yenyewe ni mofini. Aliyeifanyia kazi kwelikweli ni mwanamke wa Kiingereza, Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, halafu akarudi kusoma tena mpaka akawa daktari mwaka 1957, na umri wake ulikuwa umeshapita thalathini (wale mnaosema mmechelewa kusoma, mpo?). Mwaka uliofuata akaanza kufanya kazi katika nyumba ya wagonjwa mahututi huko London iliyoendeshwa na masista. Siku hizo ilikuwa kawaida mgonjwa kungojewa mpaka alie ndipo apewe dawa. Yeye alisisitiza wapewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, na akaandika hali ya mgonjwa mmoja mmoja. Akaona nini? Watu hawakugeuka walevi. Waliamka, wakala, wakazungumza na watoto wao. Mwaka 1967 akafungua hospitali yake, St Christopher's, na mafunzo yake yakaenea duniani.

Kuna jambo jengine alilolisema ambalo sisi limetugusa zaidi. Alisema maumivu ya mtu kama huyo si ya mwili peke yake. Yamo ya moyo, ya nyumba, ya imani. Mama anayelala akiwaza nani atamuozesha yule wa mwisho naye anaumwa, na panadoli haifiki hapo. Sasa wewe unayemwambia akae kimya, umemtibu wapi?

Msidhani haya ni ya Ulaya tu. Hapo Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mofini yao ni ya maji, unga wake unachanganywa hukohuko kwa gharama ndogo, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu kuiandika wenyewe, kwa sababu vijijini daktari hayupo. Na sisi wa visiwani, ambao wagonjwa wetu huvuka kwa boti kwenda Ocean Road kupigwa mionzi, chupa inafika mpaka nyumbani halafu tunaifungia ufunguo!

Ina madhara yake, hatukatai. Choo huwa kigumu, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Siku za mwanzo mtu husinzia, pengine na kichefuchefu. Kipimo ni cha daktari, mtu asijiongezee wala asiiache ghafla. Lakini anayeinywa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu hainywi ili afe.

La kileo nalo, msituamini sisi wenye cherehani, muulizeni sheikh wenu. Wanazuoni wengi wameiruhusu kwa mgonjwa mwenye haja nayo. Na kafara ni kweli, maumivu humfutia Muislamu dhambi. Lakini Mtume huyohuyo, swalla Allahu alayhi wasallam, ametuamrisha tujitibu. Nabii Ayubu, ambaye subira yake ndiyo mnayoitolea mfano, alimwita Mola wake akasema yamemfika madhara. Bibi Rufaida alikuwa na hema lake msikitini Madina la kuwahudumia majeruhi. Mbona shangazi akiumwa na jino hangojei kafara, alfajiri tu yuko kwa daktari?

Hata waliopona hatuwaachi. Mwanamke aliyekatwa titi na kutolewa tezi za kwapani mkono wake unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Akija kwetu tunampa mkono mpana usiombana na tunamjazia sidiria kwa pamba nyepesi, na yeye anatuomba tumshonee usiku watu wasijue. Kwani ameiba?

Tumrudie mama yetu. Binti alimleta muuguzi nyumbani, akakaa na mashangazi mkekani mpaka laasiri. Kabati likafunguliwa siku nne kabla ya harusi. Mama hakupona, na hatusemi kapona. Lakini usiku wa hina alilala, na siku ya ndoa alikaa mbele, akapokea mikono ya watu na kula vijiko vitatu vya biriani.

Chupa ile ilikuwa kabatini wiki sita. Mashangazi zetu, tunajua na nyinyi mnasoma hapa.