Msaada wa nyavu kwa wahami wa Lubunga uje na kivuli, uzi na sindano

KISANGANI – Tangu mwezi wa pili mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola ulipogeuka kuwa mapigano, familia nyingi zimekimbia vijiji vyao na kuingia mtaa wa Lubunga, upande wa kushoto wa mto Kongo. Nyingine zilivuka mto hadi mitaa ya upande wa pili. Wengi wao ni wakulima. Lakini mkulima aliyepoteza shamba, akijikuta anaishi karibu na mto, ataanza kuangalia maji. Ndiyo sababu mtu akiuliza wahami wanahitaji nini ili wasingojee mgao wa chakula kila mara, wengi watajibu: nyavu na ndoano.

Ombi hilo ni la haki, ila lina upungufu mmoja. Familia ikipewa wavu bila mahali pa kuukausha, bila uzi na sindano ya kuushona, na bila mtu wa kuonyesha namna ya kuutunza, wavu huo hautadumu, na baada ya muda mfupi familia itarudi kwenye foleni ya mgao. Anayegawa vyombo vya uvuvi Kisangani anapaswa kuhesabu utunzaji kama sehemu ya msaada wenyewe.

Wavuvi wa pwani ya Bahari ya Hindi, huko Mombasa au Unguja, wana adui wanayemjua vizuri, ambaye ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka kwenye wavu, chembe za chumvi zinabaki ndani ya nyuzi na kuzisugua, na ndoano zinaliwa na kutu haraka. Kwa hiyo mvuvi wa kule anajua kwamba vyombo vikirudi vinasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi. Huku kwetu maji ya mto hayana chumvi, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mtu anadhani wavu uliotoka mtoni umekwisha kuoshwa, anautupa mchangani juani, kisha anaenda kulala. Ukikatika, analaumu mto.

Ukweli ni kwamba nyavu nyingi za mto huu zinaharibikia nchi kavu, na adui wa kwanza ni jua. Zamani nyavu zilisokotwa kwa nyuzi za mimea. Nyuzi hizo zikikaa na unyevu zilioza, kwa hiyo wazee walikuwa na haki ya kuzianika juani mpaka zikauke kabisa. Nyavu za leo ni za nailoni. Nailoni haiozi kama uzi wa mmea, lakini mionzi ya jua inaidhoofisha kidogo kidogo: rangi inapauka, uzi unakuwa mkavu, na siku samaki mkubwa anapovuta, unakatika kama uzi wa zamani wa nguo. Desturi ya wazee haikuwa kosa. Kilichobadilika ni uzi, na mkono haujabadilika nao.

Adui wa pili ni uchafu. Wavu unaotoka mtoni unabeba tope, mchanga, vijiti, na mizizi ya yale majani yanayoelea ambayo watu wanaita Kongo ya Sika. Mchanga unasugua nyuzi kila wavu unapokunjwa. Ute na magamba ya samaki yanavuta panya, na panya haulizi wavu ni wa nani. Tena kuna mbenga, samaki mwenye meno kama msumeno, anayetoboa tundu na kwenda zake. Tundu dogo lisiposhonwa siku hiyo, kesho linakuwa mlango.

Kazi ya kuzuia hayo yote haihitaji pesa nyingi. Mvuvi akirudi, asuuze wavu mahali ambapo maji ni safi, mbali na tope la ukingo, autikise na kutoa majani na vijiti kwa mkono bila kuvuta kwa nguvu. Asitumie sabuni kali wala dawa ya kufulia nguo nyeupe. Autundike juu ya mti au mwanzi, kwenye kivuli chenye upepo, usiguse udongo. Ukiwa unakauka, apitishe macho na vidole tangu maboya hadi vizito, atafute matundu na kuyashona kabla ya kulala. Ukikauka, aukunje na kuuweka juu, mbali na panya na mbali na moto. Jiko la makaa karibu na nailoni ni hasara inayongoja.

Kwa ndoano, hata Kisangani chumvi inaingia kwa mlango wa nyuma. Wengi wanatunza ndoano zao kwenye kifuko au mkebe uliokuwa na chumvi, au wanatumia kisu kimoja kukata chambo na kutia samaki chumvi, kisha wanavitupa pamoja. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Tshopo ina unyevu mwaka mzima. Ndoano zisuuzwe, zipanguswe, zipakwe mafuta kidogo, na ziwekwe kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Ndoano yenye kutu inavunjika wakati samaki yuko karibu na mtumbwi, na inakata uzi.

Mtu anayetaka kuona maana ya utunzaji asiende mbali. Kwenye maporomoko ya Wagenya, Wagenya wanavua kwa mitego mikubwa ya kusukwa, yenye umbo la koni, inayotundikwa kwenye magogo yaliyosimamishwa juu ya miamba na kufungwa kwa kamba za msituni. Wageni wanakuja kupiga picha za mitego ikiwa ndani ya maji yanayovuma. Wachache wanaangalia kazi inayofanyika nje ya maji: kusuka upya, kufunga upya, kubadilisha gogo lililochoka. Mto wa pale ungeshabeba kila kitu kama watu wangengoja mpaka kivunjike ndipo watengeneze. Ujuzi huo ni wa mji huu, na wahami wanaweza kuupata kwa wenyeji bila kuletewa mtaalamu kwa ndege.

Lakini tuseme wazi: muhami hawezi kufanya yote hayo peke yake. Anayelala kwenye chumba cha darasa, au chini ya turubai, hana mti wa kivuli wala dari ya kuweka wavu. Anautandaza juu ya turubai, juani, au anaulalia ili usiibwe. Kumwambia tu atunze wavu wake ni kumwonea. Kinachohitajika ni kibanda cha nyavu karibu na ukingo wa mto: nguzo, mianzi ya kutundikia, paa la majani, na mlinzi anayejulikana na wavuvi. Wakubwa wa kata watoe nafasi. Wavuvi wenyeji na wahami wajenge na kutumia pamoja. Wenye kugawa misaada waweke uzi, sindano na ndoano za akiba ndani ya kila furushi la wavu. Mbole, Mlengola na mwenyeji wa Lubunga wakishona nyavu chini ya paa moja, hiyo pia si kazi ndogo.

Wapo watakaosema kwamba watu wanaolilia usalama na ardhi yao hawana muda wa kuhubiriwa kuhusu panya na kivuli. Ni kweli kwamba kibanda hakirudishi shamba, na hakuna wavu unaoweza kuchukua nafasi ya amani na hukumu ya haki. Lakini familia inakula leo, na kwa wasio na shamba wavu ndio shamba lao. Mkulima hapewi jembe lisilo na mpini.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Wavu ukifa na pesa ya kununua mwingine ikakosekana, mkono unakwenda kwenye chandarua. Chandarua kina macho madogo sana, kinakokota hata vitoto vya samaki, na dawa iliyomo ni sumu kwa samaki. Usiku watoto wanalala bila kinga, na mbu wa ukingo wa mto hawana huruma. Hivyo wavu mmoja ulioachwa juani unaweza kuishia na mtoto mwenye malaria na mto wenye samaki wachache.

Kwa hiyo siku gari la msaada litakapofika Lubunga na nyavu, wawakilishi wa wahami na wa wavuvi wauliwe mapema maswali matatu na wayapeleke kwa wagawaji: uzi uko wapi, sindano iko wapi, na kibanda kitajengwa wapi? Majibu yapatikane kabla ya majina kuandikwa.