Kikulacho ki nguoni mwako: CD4 zinapoigeukia damu

KATIKA bonde la Kyela, kuanzia mjini hadi bandari ya Itungi kwenye Ziwa Nyasa, neno CD4 si geni. Tangu dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wananchi wamezoea kuulizana idadi ya “askari” hao, na kadiri walivyo wengi ndivyo mgonjwa anavyopata matumaini.

Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba askari hao, ambao wataalamu huwaita chembe T saidizi, kazi yao kubwa si kupigana bali kutoa amri. Wao huziamuru chembe B kutengeneza kingamwili za kumkabili adui. Hatari huanza pale amri hiyo inapotolewa dhidi ya mwili wenyewe.

Hilo likitokea, kingamwili hunata kwenye chembechembe nyekundu za damu, na bandama huziharibu kabla ya kutimiza umri wake wa takriban siku 120. Zikilengwa chembe sahani, ambazo husaidia damu kuganda, mgonjwa hutokwa damu puani, kwenye fizi na chini ya ngozi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Kyela. Bonde hilo lina joto, mvua nyingi na mafuriko ya masika, mazingira yanayostawisha mbu wa malaria. Mtu mwenye uchovu, macho ya manjano na mkojo mweusi hudhaniwa haraka kuwa ana malaria. Lakini kipimo kinapoonyesha hana vimelea, na damu aliyoongezewa ikaisha ndani ya siku chache, kuendelea kumpa dawa za malaria ni kumpotezea muda. Damu ya kuongezewa nayo hushambuliwa kama ile yake.

Kipimo cha kugundua kingamwili hizo kilielezwa nchini Uingereza mwaka 1945 na Robin Coombs na wenzake, na dawa ya kuanzia, prednisoloni, ni ya bei nafuu. Kilicho kigumu ni kuushuku ugonjwa mapema na kumpa mgonjwa rufaa ya kwenda Mbeya, safari ya kupanda milima kupitia Tukuyu, kabla hajazidiwa.

Haya hayana maana kwamba CD4 nyingi ni balaa. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa miongoni mwa chembe zenye alama ya CD4 wamo wanaowatuliza wenzao. Mwaka 2025 yeye na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa ugunduzi kuhusu watulizaji hao.

Kwa hiyo, idadi ya askari peke yake haitoshi. Nidhamu yao nayo ni uhai. Wahenga walikwisha kuonya kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na si kila damu inayopungua Kyela imenyonywa na mbu.