Uza Rangi, Usiuze Injini

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia kwenye vibanda vya gemu, kuanzia Umoja hadi Kayole: "Buda, nunua tu ile mpya." Umepigwa na roboti lililoruka juu ya jengo na kukumwagia makombora kabla hujageuka? Nunua ile mpya. Ngao yako imekuwa karatasi tangu toleo la mwezi jana? Nunua ile mpya. Anayekwambia hivyo si mtu mbaya. Anakupa ushauri wa kweli kabisa, na ndiyo maana nakasirika.

Nazungumzia gemu za maroboti ya vita zinazochezwa kwa intaneti, kikosi kwa kikosi, kila mtu na mtambo wake wenye miguu na silaha mabegani. Wewe ambaye hujawahi kucheza usikimbie. Mambo yenyewe unayajua: ni habari ya mizani, ya doo, na ya nani anaruhusiwa kushinda.

Wachezaji wengi wakisema wanataka mizani, wanamaanisha silaha zote zipige sawa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Silaha zote zikipiga sawa, za nini kuwa kumi? Mimi nataka kitu kingine: kila silaha kali ilipiwe mle ndani ya pambano. Iwe nzito, au ichemshe mtambo, au iishiwe risasi haraka, au ifanye kazi adui akiwa karibu tu. Silaha isiyolipiwa mle ndani italipiwa nje, kwa M-Pesa.

Wala siombi miujiza, kwa sababu jambo hili lilishafanywa zamani, kwa karatasi. Mwaka 1984 kampuni ya FASA ya Chicago ilitoa mchezo wa mezani ulioitwa BattleDroids, ambao baadaye ukabadilishwa jina kuwa BattleTech. Hakuna seva, hakuna bando. Ni dadu, penseli, na ramani ya vyumba vya pembe sita. Sasa tazama hesabu zake. Leza ya wastani ina uzito wa tani 1, inapiga pigo la 5, inaongeza joto la 3. PPC, ile inayorusha chembe kama radi, ni tani 7, pigo 10, joto 10. Inafika vyumba 18, lakini adui akikubana inakuwa shida kumlenga. Halafu kuna mzinga mkubwa, AC/20. Unapiga 20 kwa joto la 7 tu. Tamu, si ndiyo? Ila unabeba tani 14, unafika vyumba 9 peke yake, na kila tani ya risasi inakupa mapigo matano basi.

Mtambo wa kawaida unapoza joto 10 kwa zamu. Rusha PPC mbili kwa mkupuo na tayari una deni. Rusha tena na miguu inaanza kuburura, kulenga kunaharibika, na ukizidi kiburi mtambo unajizima katikati ya uwanja kama matatu iliyochemsha Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, abiria wote wakikutazama.

Kutokana na hesabu hizo ndipo staili zilipozaliwa. Mwenye mzinga mkubwa analazimika kuwa mvumilivu, anajibanza nyuma ya jengo anangoja mtu apite. Mwenye PPC anatafuta kilima na nafasi. Mwenye leza ndogondogo anakimbia, anauma, anatoroka. Hakuna aliyewaambia wacheze hivyo. Deni la silaha ndilo lililowaambia. (Ukweli usemwe, ile leza ya tani 1 ilikuwa ya bei ya kutupa na mashabiki wanaijua siri hiyo tangu zamani. Hakuna mizani isiyo na mwanya.)

Ukoo huohuo ulipoingia kwenye intaneti, tatizo lilijitokeza haraka. MechWarrior Online ya kampuni ya Piranha Games ya Kanada ilizinduliwa rasmi mwaka 2013. Wachezaji waligundua kwamba ukijaza PPC nyingi kwenye mtambo mmoja, ukaruka kidogo juu ya kilima, ukafyatua zote pamoja na kushuka, adui hana la kukufanya. Basi kila mtu akawa chura. Mwaka huohuo kampuni ikaongeza adhabu ya joto kwa anayefyatua silaha nyingi za aina moja kwa wakati mmoja. Wachezaji wakaiita joto la mzimu, kwa sababu huoni linatoka wapi. Dawa hiyo ilikuwa chungu na ya kubabaisha, lakini naiheshimu kwa jambo moja: walitafuta malipo ndani ya uwanja. Walimwambia chura aruke, ila achemke.

War Robots, iliyotoka mwaka 2014 ikiitwa Walking War Robots, ndiyo iliyowaleta wasee wengi wa simu kwenye mambo haya, na muundo wake wa mwanzo ulikuwa na akili. Ngao ya nishati ya Ancile ilizuia risasi na makombora, lakini plazma ilipita katikati yake kama haipo. Ngao ya chuma, ya Galahad au Lancelot, ilisimamisha plazma, ila kombora lenye mlipuko wa kuenea lilimtafuta aliyejificha nyuma yake. Natasha mwenye Zenit alipiga kutoka zaidi ya kilomita moja, kupitia juu ya majengo, na ukimfikia karibu amekwisha. Cossack alikuwa mdogo na mwepesi kuuawa, lakini aliruka, na ushindi haukuwa kuua tu, ulikuwa pia kushika minara. Mtu mwenye roboti dhaifu alikuwa na kazi. Hilo ndilo neno nalolitaka: kazi. Kila aina ya mtu alipata kazi yake kwenye kikosi.

Sasa kuna gemu nyingine, sitaitaja, inayotamba hapa mtaani. Mzunguko wake nimeujua kama ratiba ya maji. Mwezi wa kwanza linatoka roboti lisiloguswa: linapona lenyewe, linaruka, linapita ngao zote, na halidaiwi chochote uwanjani. Mwezi huo huwezi kulipata bure hata ukeshe. Wenye pesa wananunua, wanatuchapa, tunalia. Baada ya wiki sita hivi kampuni inasema imesikia kilio na inapunguza makali. Tunapiga makofi. Siku chache baadaye linatoka jingine, na kwa bahati ya ajabu ndilo dawa ya lile la kwanza.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa simu kule Kariobangi South, alitoa thao mbili kwa silaha moja. Thao mbili kwa fundi wa kibanda ni skrini kadhaa alizobadilisha akiwa ameinama mchana kutwa. Kabla ya miezi miwili kwisha ile silaha ilikuwa ikipiga kama kofi la mtoto. Picha ni ileile, jina ni lilelile, nguvu zimetolewa usiku. Sasa niambie: ukinunua jiko Kamukunji, fundi anakuja usiku wa manane kulitoboa ili kesho ununue lingine? Angejaribu, wangemjua sokoni kote. Huku kwenye simu tunaambiwa ni marekebisho ya mizani. Mizani gani, ambayo upande mmoja kuna kidole cha muuza nyama?

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa Eastlands zaidi ya watu wa Ulaya. Seva nyingi tunazoangukia ziko mbali. Simu yangu huonyesha pingi ya 170, usiku ikibanana inafika 250. Maana yake, adui ninayemwona anakimbia yuko mahali alipokuwa kitambo kidogo kilichopita. Silaha inayorusha kombora la polepole, ile inayotaka umkadirie adui atakuwa wapi, kwangu ni ramli. Ile inayomnasa adui yenyewe, ama inayopiga papo hapo kama umeme, inanisamehe. Kwa hivyo pita kibanda chochote cha Donholm au Komarock na utakuta karibu wote wamebeba silaha za kunasa, wamesongamana karibu karibu, wanagongana kama abiria wa Pipeline asubuhi. Kisha mtu wa Frankfurt anatucheka kwamba Waafrika hawajui kucheza kwa mbali. Tungejulia wapi? Hiyo staili tulifungiwa mlango na kilomita elfu kadhaa za waya.

Mtengenezaji akiketi na wastani wake wa dunia nzima, anaona silaha fulani inashinda nusu ya mapambano, anasema iko sawa. Wastani wa mdunguaji wa Frankfurt na mdunguaji wa Kayole hautuambii kitu kuhusu yeyote kati yao. Mmoja anatawala uwanja, mwingine anapiga hewa, na karatasi inasema mambo ni shwari.

Najua majibu. La kwanza: "Ni gemu tu, msee." Sawa. Kandanda pia ni gemu tu, na nimeona watu wazima wa Jericho wakinuniana wiki nzima. La pili lina uzito zaidi: kampuni lazima ile. Seva hazijilipi, wachoraji wana watoto. Nakubali bila ubishi. Lakini njooni tuwafundishe biashara, maana hapa Eastlands tuna chuo kikuu cha somo hilo, na kinaitwa nganya.

Simama steji ya Buruburu au Umoja uangalie. Mwenye gari anamwaga hela kwenye michoro, skrini, taa, muziki wa kutikisa figo. Vijana wanaacha matatu tatu tupu zipite wakingoja moja yenye jina. Chini ya hizo rangi zote, mara nyingi ni Isuzu ileile. Watu wanalipa, na wanalipa kwa furaha, kwa ajili ya rangi. Uza rangi basi! Niuzie roboti lenye sura ya nganya ya Umoja, lipige honi likinyakua mnara, nami nitakuwa wa kwanza kutoa soo mbili. Injini usiniuzie. Mwenye nganya hamlipi mtu ili ya mwenzake isiwake.

Kuna watakaosema dawa ni kuyafanya maroboti yote yawe sawa tu, tumalize kelele. Hao nawakumbusha Februari 2004, kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa. Mikanda ilihitajika, na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa vilihitajika zaidi. Hilo silipingi hata kidogo, watu walikuwa wanakufa. Lakini ukaja pia mstari wa manjano, michoro ikafutwa, na matatu za mji mzima zikawa kama sare ya shule. Mwendo ndio uliokuwa unaua. Rangi ilikuwa na kosa gani? Mtengenezaji anayesawazisha maroboti kwa kuyafananisha anarudia mambo yayo hayo: anaadhibu tofauti kwa sababu ameshindwa kupima hatari.

Na tusingoje wageni peke yao. Mwaka 2011 Andrew Kaggia alitengeneza Wageuzi, filamu fupi ya katuni ambamo wanasiasa wetu walikuwa mitambo ya kujigeuza, wakikimbizana kuelekea Ikulu. Miaka michache baadaye akatoa Nairobi X, gemu ya kupiga risasi ambamo viumbe wa anga wanavamia jiji letu. Kwa hivyo roboti la Nairobi lilishachorwa. Anayechora linalofuata, na najua yuko mahali fulani kwenye chumba cha ghorofa ya tano huku akiomba stima isipotee, aanze na daftari la madeni kabla ya mabawa na moto: hii silaha inalipa nini ikifyatuliwa?

Kwa sasa, mbogi yetu ya watu kumi na wawili inacheza kila Jumapili jioni kwenye chumba cha faragha kwa masharti yetu wenyewe. Silaha iliyotoka chini ya miezi mitatu iliyopita haiingii. Silaha moja haibebwi na zaidi ya watu wawili kwenye kikosi. Na kila kikosi kiwe na angalau roboti moja dogo la kunyakua minara. Kazi hiyo ameichukua dogo mmoja wa Kayole mwenye simu iliyopasuka kioo, na siku hizi tunapigania awe upande wetu. Sharti la nne ndilo linalotugombanisha. Fundi wa Kariobangi South anataka wenye waifai ya nyumbani wakatazwe silaha za mbali, sisi wa bando ya mbao ndio tuachiwe. Wenye waifai wanasema huo ni wivu, na kwamba hata tukiachiwa hatutampiga mtu. Tumepanga kupiga kura Jumapili hii, kama bando zitatosha.