Wanambuzi wanaoharisha

Mwezi uliopita mwanafunzi wetu wa darasa la nne hakuja shule siku mbili, tukaenda kwao. Mbuzi wao alizaa mapacha. Mmoja kafa siku ya tatu, wa pili anaharisha maji ya njano, hata kusimama hawezi. Mama kamnywesha vidonge vya rangi mbili vya sokoni. Mbuzi huyo ndiye sare na madaftari ya watoto wale, jamani.

Tukamuuliza bwana mifugo kama dawa ilikuwa sawa. Akasema kwa macho hawezi kujua. Siku za mwanzo kuhara kunaweza kuletwa na bakteria E. koli, hasa aina ya K99, au na virusi vya rota, na mavi yanafanana. Virusi havisikii vidonge vile hata kidogo.

Kipimo kipo. Mnakijua kile cha malaria cha zahanati, tone la damu halafu mistari? Hiki ni ndugu yake. Mavi kidogo yanakorogwa kwenye maji yake maalumu, kinachovywa kijiti. Kwenye kijiti wamepaka kingamwili, yaani askari wa mwili, kila mmoja anamkamata adui wake tu. K99 ana vinyweleo vya kujishikiza kwenye utumbo. Askari akivikamata, mstari unatokea. Mstari mwingine unaonyesha tu kwamba kipimo ni kizima. Huo usipotokea, tupa. Dakika kumi hivi, basi.

Tusidanganyane, hapa kambini cha mifugo hatujakiona, kinatumika zaidi kwa ndama wa mashamba makubwa. Lakini kinachoua haraka ni kuishiwa maji. Yule wa pili tulimpa maji ya chumvi na sukari (sukari ya jirani, asante mama!) kidogo kidogo, huku ananyonya.

Ndipo tukasikia kwamba dang'a waliikamua wakaimwaga, wakidhani ni maziwa mabovu. Tulisikitika sana. Askari wale wale wa kwenye kijiti, mama mbuzi anampa mwanawe kwenye dang'a. Anyonye ndani ya saa sita za kwanza, maana ikipita siku moja utumbo hauwapokei tena.

Na mavi yale msishike ovyo, E. koli wengine wanaugua hata watu. Sabuni au majivu, hasa watoto wanaolala na wanambuzi.

Tunavyoandika, amesimama, ila miguu bado inatetemeka. Mwanafunzi karudi darasani, ananuka mbuzi kabisa.