Mugongo nao ni chombo cha kazi

Leo tunataka kuzungumzia jambo lenye wengi watacheka wakisikia jina lake: yoga. Tunajua vile watasema. Muchimbaji atoke mu shimo na matope mpaka kwenye masikio, kisha tumuambie atandike kitambaa chini na kujinyoosha sawa vile watu wa televizyo? Watasema hayo ni mambo ya watu wa Muhumba, wenye wana bustani na makuta ya kupoteza. Tunawaomba ndugu zetu wa Kamituga, Misisi, Nyabibwe, Nzibira na Shabunda, pamoja na familia zao hapa Bukavu, wasome mpaka mwisho. Kisha kila mutu ataamua.

Tuanze na kitu chenye kila nyumba ya machimbo inajua. Nyundo ikivunjika, tunanunua ingine. Tochi ikizimika, betri iko sokoni. Lakini mugongo hauna duka. Mutu anapiga mwamba akiwa amejikunja pahali hata mutoto hawezi kusimama. Mwenzake anavuta mifuko ya mawe kwa kamba, na mwingine anaipandisha kwenye mabega mpaka juu ya kilima. Wamama wa Kamituga wanatwanga mawe tangu asubuhi mpaka jua linazama, na wale wa bizalu wanaosha michanga wakiwa wameinama. Tukirudi hapa mujini, tunaona mama zetu wakipanda Kadutu na mizigo yenye inawazidi uzito, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Hao wote wanakula kupitia mugongo wao. Siku mugongo unakataa, sufuria nayo inalala.

Wazee wanakumbuka wakati wa MGL, kisha SOMINKI tangu 1976. Hatuseme kama ile kazi ilikuwa nyepesi, ao kama kampuni ilipenda watu kuliko zahabu. Lakini mufanyakazi alikuwa na hospitali ya kampuni, na akiumia, alijua mulango wa kupiga hodi. SOMINKI ilikufa 1997. Tangu hapo mamia ya maelfu ya watu katika mashariki ya inchi yetu wamejichimbia wenyewe, na mwili wa muchimbaji ukabaki kuwa deni lake peke yake. PDG anahesabu mifuko. Munegosian anapima gramu. Nani anahesabu mugongo?

Hapo ndipo dawa za haraka zinaingia. Mutu anameza vidonge vya maumivu asubuhi ili aweze kushuka, na vingine jioni ili aweze kulala. Kesho vivyo hivyo. Munganga yeyote atamuambia kama vidonge hivyo, vikimezwa kila siku bila kupimwa, vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Vingine, kama tramadol, vinafunga mutu mpaka hawezi kuviacha. Wengine wanachagua kanyanga. Kanyanga inafanya mutu asahau mugongo kwa saa mbili, lakini inamukumbusha hasira zote. Mama na watoto wanajua kipande chenye kinafuata, hatuna haja ya kukiandika hapa.

Sasa, yoga inaingia wapi? Ni namna ya kunyoosha mwili polepole, ukifuata pumzi yako. Ile ya upole haiombi mutu aweke muguu nyuma ya shingo. Ilitoka India, na ni ya zamani sana. Tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka 2014, Umoja wa Mataifa ulikubali tarehe 21 mwezi wa 6 iwe siku yake ya kila mwaka. Lakini jambo lenye linatugusa sisi ni hili: katika 2017, chama kikubwa cha waganga wa Marekani, American College of Physicians, kilitoa shauri juu ya maumivu ya sehemu ya chini ya mugongo. Walisema kama kwa wagonjwa wengi ni vizuri kwanza kujaribu njia zenye hazina dawa. Katika njia hizo walitaja kutia joto kwenye mugongo, mazoezi, na yoga. Kumbe hata kule kwenye farmasi zimejaa, waganga wanasema: mbele ya kidonge, mwili ujaribu kujisaidia.

Kuna ndugu wenye wataogopa kama ni dini ya watu wengine. Tunaheshimu hilo. Ni kweli kama yoga ilizaliwa pamoja na mambo ya kiroho ya India. Lakini kunyoosha mugongo na kuvuta pumzi hakuna kabila wala kanisa. Mwenye jina linamusumbua aseme tu "mazoezi ya kujinyoosha", na kama anataka kuomba, aombe Mungu wake kwa maneno yake. Paka anajinyoosha kila asubuhi na hakuna pasta mwenye amemukataza.

Wala si jambo la matajiri peke yao. Kule Nairobi, tangu 2007, Africa Yoga Project inafundisha vijana, wengi wao kutoka mitaa ya masikini, nao wanakuwa walimu kwa wenzao. Na hapa kwetu? Bukavu ni muji wenye umejifunza mbele ya wengine kama mutu mwenye ameumizwa haponi kwa sindano peke yake. Hospitali ya Panzi, yenye Daktari Mukwege alianzisha 1999, inatibu mwili, lakini pia inatumia muziki ili wagonjwa wapate kutoa yenye inawalemea ndani. Tunajua vile muji wetu umepita tangu mwezi wa 2 mwaka 2025, na miaka mingi mbele ya hapo. Watu wengi wanalala jicho moja wazi. Wengi wanashtuka mulango ukipigwa. Kujifunza kutuliza pumzi, kwa watu kama sisi, si mapambo.

Basi, dakika 10. Hatuombe zaidi. Kitambaa, mukeka ao gunia safi vinatosha.

Mbele ya kushuka: simama, miguu iachane kidogo. Vuta pumzi kwa pua ukipandisha mikono, ishushe ukitoa pumzi. Mara 5. Zungusha mabega polepole, mbele na nyuma. Weka mikono kwenye magoti, geuka kidogo kushoto, kisha kuume.

Nyuma ya kazi, ukiisha kunawa: piga magoti na mikono chini sawa vile mutoto anatambaa. Ukitoa pumzi, inua mugongo kama paka mwenye amekasirika. Ukivuta pumzi, uache ushuke. Mara 8 ao 10. Kisha lala chali, kumbatia magoti kwenye kifua, bakia hapo. Mwishowe, weka miguu juu ya ukuta kwa dakika 3. Wamama wenye wanasimama siku nzima sokoni watasikia tofauti siku ile ile.

Mbele ya kulala: vuta pumzi ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo kwa dakika 2 ao 3. Baba mwenye amerudi na hasira ya PDG anaweza kufanya hivyo kwenye mulango, mbele ya kusema neno lolote kwa mama na watoto. Hiyo nayo ni mazoezi, pengine ndiyo ya nguvu kuliko yote.

Kuna mambo ya kuangalia. Usilazimishe: kuvutika kidogo ni sawa, maumivu ya kuchoma ni alama ya kuacha. Mama mwenye mimba asilale kwa tumbo, wala asikae muda murefu chali. Aulize kwanza kwenye kituo cha afya. Mwenye tansio asiinamishe kichwa chini sana. Na hakuna kuvuta pumzi kubwa kwenye vumbi, wala karibu na pahali wanachoma zahabu na zebaki, ile tunaita merkire. Moshi wake ni sumu. Ukiwa na muguu wenye umekufa ganzi, ao mukojo unatoka bila wewe kujua, kimbia kwa munganga siku ile ile. Ukikohoa zaidi ya wiki 2, ao ukitema damu, usijidanganye kama kujinyoosha kutamaliza. Nenda upimwe kifua kikuu. Dawa zake zinatolewa bure. Na vumbi la mawe likishakaa kwenye mapafu, hakuna mazoezi yenye yanaweza kulitoa.

Hapa tuseme wazi, ili mutu asituelewe vibaya. Hatutaki yoga igeuke kuwa njia ya kumuambia muchimbaji avumilie. Mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua ilinyesha Kamituga, shimo likaanguka, na karibu watu 50 wakafia ndani. Wale hawakukosa mazoezi. Walikosa shimo lenye limeimarishwa, na mutu wa kusema "leo hatushuke". PDG mwenye atatoa dakika 10 za kujinyoosha lakini anakataa kununua miti ya kushikilia shimo, huyo anacheza na watu. Miti kwanza, maji ya kupunguza vumbi, maski, pumziko. Kisha mazoezi.

Lakini haya mambo hayapigane. Mutu mwenye ameanza kuhesabia mugongo wake thamani, kesho ataulizia pia miti ya shimo lake. Ndiyo sababu tunaomba kooperative ziweke dakika 10 kwa kila timu mbele ya kushuka, wakati ule ule wanaangalia kamba na miti. Tunaomba SAEMAPE, yenye kazi yake ni kusaidia muchimbaji, isionekane machimboni siku ya kodi tu; ilete pia mutu wa afya wa kufundisha namna ya kuinua muzigo. Makanisa yana nyumba kubwa zenye zinalala wazi siku za kazi: wafungulie wamama wa kubeba mizigo saa moja kwa wiki. Vijana wenye wanakimbia asubuhi kwenye barabara zetu wakiimba, wawafundishe wazee kujinyoosha.

Na kwako mama mwenye bwana yuko machimboni: ile siku anashuka Bukavu, mbele ya kuhesabu makuta, muulize mugongo wake unasema nini. Pigeni magoti pamoja kwenye mukeka. Watoto watacheka. Waacheni wacheke, kisha waitwe nao wafanye.